Jirani Anajenga, Sisi Tunakula Vumbi

Ukipita Nyamianda wakati wa kiangazi utaona kila mtu anajenga. Huyu anainua ukuta, yule anamwaga beto, mwingine amekaa chini ya kivuli cha bashi anapasua mawe. Si ajabu. Mvua ya Aprili 2020 ilipojaza mto Mulongwe, nyumba maelfu za muji wetu wa Uvira zilibomoka na makumi ya watu walikufa. Kisha mwaka 2024 ziwa Tanganyika likapanda, likaingia katika nyumba za watu waliokaa kando yake. Waliopoteza makao sherti wajenge. Na watoto wanaoongezeka kila mwaka wanahitaji masomo, dispanseri na barabara. Kwa hiyo usifikiri kwamba kurasa hizi ni za kulaumu wanaojenga. Tunapenda wajenge.

Lakini angalia yanayotokea kando ya shantie. Mama anafua nguo, anazianika, na baada ya saa moja zimekuwa za rangi ya simenti. Mtoto mchanga anakohoa usiku. Mwalimu anapiga kelele darasani mpaka sauti inakatika, maana nyuma ya dirisha kuna mashine inayovuruga beto. Mama akienda kuuliza, anajibiwa: «Mama, uvumilie kidogo. Ni maendeleo.»

Jibu hilo tumelisikia mara nyingi, na hatulikubali. Vumbi na makelele si kodi ambayo maendeleo yanatoza majirani. Sehemu yake kubwa inaondolewa kwa ndoo ya maji, kipande cha bashi na kupanga vizuri saa za kazi. Kama havifanywi, mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyeomba, au aliyeomba hakujua aombe nini.

VUMBI UNALOLIONA NA LILE USILOLIONA

Vumbi linaloanguka juu ya meza unalifuta. Linachafua, linawasha macho, lakini pua yako inalizuia kwa sehemu kubwa. Lile la kuogopa ni jingine. Wataalamu wanalipima kwa mikroni. Mikroni moja ni milimeta moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wako una unene wa mikroni kama 70. Vumbi lililo chini ya mikroni 10 linapita puani na kooni. Lililo chini ya mikroni 4 linafika mwisho kabisa wa mapafu, fasi ambapo hewa inaingia katika damu. Hilo halionekani kwa macho, na linabaki hewani muda mrefu baada ya lile zito kuanguka. Ndiyo maana mtu anasema: «Vumbi limekwisha, tuingie,» kumbe bado lipo.

Wewe unayesoma gazeti hili Kamituga, Misisi au Namoya, jambo hili si geni kwako. Mchanga wa mto na mawe mengi ya milima yetu yana kwarzi, na kwarzi ndiyo inayotengeneza silika. Ni ileile iliyomo katika mwamba ambao wachimbaji wa dhahabu wanautoboa na kuusaga. Ukipasua jiwe kwa nyundo, ukikata tofali la beto kwa diski, ukivunja ukuta wa zamani, unaifungua silika na kuirusha hewani. Ikikaa katika mapafu, mwili hauwezi kuitoa wala kuiyeyusha. Unajaribu kuifunika, na pale unapoifunika panakuwa kovu gumu. Makovu yakiwa mengi, mtu anakosa pumzi hata akipanda kilima kidogo. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuponya. Unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na unafungulia mlango kifua kikuu. Mwaka 1997 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Ulimwenguni waliiweka silika ya namna hiyo katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa ya mapafu.

Sasa fikiri jamaa moja ya kwetu. Papa yuko mashimoni, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi na nguo zilizojaa vumbi la mwamba. Mama anapasua graviye ya kuuza kwa wanaojenga. Watoto wakitoka masomo wanakuja kumsaidia, na aliye mdogo zaidi analala mgongoni. Jamaa nzima inavuta vumbi la jiwe, kila mmoja kwa njia yake. Halafu mmoja akianza kukohoa wiki tatu, watu wanasema amelogwa! Hapana. Apelekwe kwa munganga, apimwe kifua kikuu, na amwambie munganga wazi ni kazi gani inafanyika pale nyumbani. Waganga wengi hawaulizi wasipoambiwa.

MLIMA WA MAREKANI

Kama unafikiri tunaongeza chumvi, sikia habari hii. Mwaka 1930, katika jimbo la West Virginia, Marekani, ilianza kazi ya kutoboa mlima mmoja ili kupitisha maji ya mto kwenda kwenye mitambo ya umeme. Njia hiyo ya chini ya mlima, inayoitwa Hawk's Nest, ilikuwa na urefu wa karibu kilometa tano. Walioajiriwa wengi walikuwa watu weusi kutoka majimbo ya kusini, waliokuwa wanatafuta kazi wakati wa njaa kubwa ya fedha. Mwamba wenyewe fasi fasi ulikuwa karibu silika tupu.

Kutoboa mwamba kwa maji kulikuwa kunajulikana tayari: maji yanapita katika chuma cha kutobolea, vumbi linageuka tope, linatiririka chini. Lakini kutoboa pasipo maji ni haraka zaidi. Basi wakatoboa pasipo maji. Wafanyakazi walitoka ndani weupe kama watu waliomwagiwa unga. Silikozi kwa kawaida inachukua miaka mingi. Kule iliua watu kabla ya miaka miwili kupita. Hesabu iliyofikishwa mbele ya wabunge mwaka 1936 ilikuwa watu 476. Munganga Martin Cherniack alipochunguza upya habari zote, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alikadiria kwamba waliokufa ni 764.

Angalia vizuri kilichowaua. Hapakukosekana elimu, wala fedha. Palikosekana maji katika chuma, kwa sababu ya haraka.

NDOO INAFANYA KAZI GANI?

Turudi Nyamianda. Hapa kwetu hatutoboi milima, lakini sheria ya vumbi ni ileile: jiwe lenye maji halirushi vumbi lake. Anayepasua graviye alowanishe rundo kwanza, apasue, alowanishe tena. Mkebe uliotobolewa kwa msumari unatosha kunyunyiza. Anayekata tofali au kaure kwa diski, mwenzake asimame kando amwage maji polepole pale diski inapouma. Lakini kama mashine ni ya umeme na haikutengenezwa kwa kazi ya maji, usijaribu, utaleta kifo kingine. Ulowanishe kwanza kile unachokata, au ukikate kwa mkono.

Kufagia shantie kavu ni kazi ya bure. Unaliamsha vumbi lililokuwa limelala. Nyunyiza, kisha fagia. Rundo la mchanga lifunikwe bashi jioni, na bashi ikandamizwe kwa mawe. Kamiyo inayoleta mchanga ifunikwe na ipite polepole kwenye barabara ya udongo, maana magurudumu yakienda mbio yanainua vumbi kuliko mzigo wenyewe. Mfuko wa simenti usikung'utwe. Ukate kwa kisu, uulaze chini, mimina karibu na ardhi. Na simenti ina ubaya wake wa pekee: ikikutana na jasho inaunguza ngozi, ikiingia machoni inaweza kuharibu kabisa. Anayebeba mifuko begani siku nzima avae shati la mikono mirefu, na akitoka kazini aoge kabla ya kumbeba mtoto.

Tunajua utakachosema. «Maji gani? Wasichana wetu wanaamka usiku kwenda kuyatafuta, nanyi mnataka tuyamwage juu ya mawe?» Swali ni la haki. Uvira tunaijua shida ya maji na tunaijua kolera. Lakini vumbi halichagui maji. Maji ya ziwa yanafaa, na yale yaliyofulia nguo yanafaa. Sherti moja tu: ndoo ya shantie isirudi kamwe kwenye maji ya kunywa au ya kupikia. Iwekewe alama ya rangi. Wala usimwage mpaka yatuame, mbu wanapenda vidimbwi vya shantie kuliko sisi tunavyovipenda vivuli. Na kubeba maji hayo ni kazi ya shantie, ilipwe kama kazi nyingine, isitupiwe mtoto wa jirani.

Kitu kingine ambacho watu wa Uvira wanacho bure ni upepo wenye desturi. Mchana, nchi kavu inapopata joto, upepo unatoka ziwani kupanda kuelekea milima ya Mitumba. Usiku unageuka, unashuka milimani kwenda ziwani. Fundi mwenye akili anaweka fasi ya kukatia na kupasulia akijua hilo. Kama dispanseri au masomo viko upande wa mlima, usipasulie mawe upande wa ziwa wakati wa alasiri. Afadhali asubuhi mapema, kabla upepo haujapata nguvu.

MASIKIO HAYAKUI TENA

Makelele hayachafui nguo, kwa hiyo watu wanayahesabu kuwa si kitu. Lakini ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Sauti kali inavichosha. Ikirudi kila siku inaviua, na vikifa havioti tena. Kijana wa miaka ishirini anayeshika mashine ya kuvunja beto pasipo kinga anaweza kufika arobaini akiwa anamwambia mkewe kila mara: «Unasema je?»

Sauti inapimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya ya kazi wanasema desibeli 85 kwa saa nane ndiyo kikomo. Kila desibeli 3 ukiongeza, saa zinagawanywa mara mbili: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, na 100 ni robo saa tu. Diski ya kukatia beto iko karibu na 100, na mashine ya kuvunja beto inapita hapo. Huna kipimo? Simama meta moja kutoka kwa mwenzako. Kama sherti upaze sauti ndipo akusikie, fasi hiyo imefika 85 au imepita. Pamba ya kawaida masikioni haisaidii kitu cha maana. Vinahitajika vizibo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa majirani, dawa ya kwanza ni umbali. Kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti ya mashine moja iliyo wazi inapungua kwa desibeli kama 6. Grupu ya umeme inayopiga 90 ukiwa meta tano, inakuwa 84 kwenye meta kumi, na 78 kwenye ishirini. Kuisogeza nyuma ya ukuta mzito kunapunguza zaidi. Lakini usiifungie ndani ya chumba ili ikae kimya! Moshi wake una sumu isiyo na harufu, inaua waliolala.

Watoto ndio wanaopoteza zaidi, nasi hatuoni. Mwaka 1975, katika muji wa New York, Arline Bronzaft na mwenzake walitoa uchunguzi wao juu ya masomo yaliyojengwa kando ya reli ya juu. Madarasa ya upande mmoja yalisikia treni kila dakika chache. Ya upande wa pili yalikuwa na utulivu. Watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma, na waliokuwa darasa la sita walikuwa nyuma karibu mwaka mzima. Baadaye wakubwa waliweka mpira chini ya reli na vifaa vya kunyonya sauti darasani. Alipochunguza tena, mwaka 1981, tofauti ilikuwa imekwisha. Watoto ni wa muji uleule. Kilichobadilika ni makelele.

Mashine inayovuruga beto nyuma ya darasa haikai miaka, ni kweli. Lakini ikikaa miezi mitatu ya mwaka wa masomo, mtoto anayejifunza kusoma amepoteza sehemu ambayo hakuna atakayemrudishia.

LETA INASEMA JE?

Kuna watu wanaodhani kwamba kuuliza juu ya vumbi ni kuleta ugomvi. Wasome Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 53: kila mtu ana haki ya kukaa katika mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Tena kuna sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011. Kifungu chake cha 21 kinasema kwamba kila mradi unaoweza kudhuru mazingira, barabara, kiwanda, machimbo, sherti kwanza uchunguzwe madhara yake, na uchunguzi huo uwe na mpango wa namna ya kuyapunguza. Ofisi inayosimamia ni ile ya mazingira ya Kongo, inayojulikana kwa herufi ACE, iliyoundwa mwaka 2014.

Maana yake kwako ni hii. Kompani ikija kutengeneza barabara mbele ya nyumba yako, mpango huo uko mahali fulani umeandikwa. Mwambieni shefu wa kartie aombe kuuona. Ndani yake mtakuta kamiyo ya maji inapita mara ngapi kwa siku, kazi inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, na mtu wa kupokea malalamiko ni nani. Mkishaijua karatasi, hamuombi tena huruma, mnaomba kilichoahidiwa. Muandike tarehe, saa, na kilichotokea. «Tarehe kumi na mbili, saa nne ya usiku, mashine ilifanya kazi mpaka saa saba,» ni neno zito kuliko kusema: «Wanatusumbua sana.»

Wenzetu wa Kenya waliandika kanuni zao mwaka 2009 kwa hesabu kabisa: shantie iliyo karibu na makao ya watu, hospitali au masomo isipite desibeli 60 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa kumi na mbili ya jioni. Hesabu kama hizo zinasaidia, maana shefu na kompani hawabishani tena juu ya nini ni kelele nyingi.

Je, malalamiko yanasikiwa? Si kila mara, tusidanganyane. Lakini si mbali na sisi, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Goma iliyofanywa kwa fedha za Benki ya Dunia, wenyeji waliandika mwaka 2017 kwa tume ya ukaguzi ya Benki hiyo. Mambo waliyoshtaki yalikuwa mabaya kuliko vumbi: mali iliyopotea, jeuri, na wanawake waliotendewa vibaya. Mwezi wa Novemba mwaka uleule Benki ilisimamisha fedha za kazi hizo za ujenzi.

NA TUKIWA SISI TUNAOJENGA?

Hapa ndipo pagumu. Kartie kama Nyamianda, shantie nyingi si za kompani. Ni nyumba ya shemeji yako, ni duka la yaya, ni jengo jipya la kanisa ambalo vijana wanabebea mawe siku ya kazi ya pamoja. Hakuna mpango wa karatasi, hakuna ofisi itakayokuja. Na ni vigumu kumwambia mzee wa kanisa kwamba vumbi la jengo la Mungu linaingia katika chungu cha jirani. Afadhali aambiwe.

Ongea kabla ya siku ya kwanza. Mwenye kujenga aende kwa majirani wote wa karibu, hata yule wasiyesalimiana, awaambie: tutaanza siku fulani, tutamaliza karibu mwezi fulani, siku za kumwaga beto ni hizi, mtoto wako mwenye pumu alale wapi siku hizo? Akifanya hivyo, wengi watamsaidia hata kubeba maji. Asipofanya, jirani aende mwenyewe, asubuhi, akiwa ametulia, si saa ile nguo zimekwisha kuchafuka.

Nanyi vijana mnaosaidia mafundi kwa malipo ya siku, kitambaa kilichofungwa puani kinazuia vumbi zito tu. Lile la mikroni nne linapita kama vile mlango uko wazi. Maski inayofaa imeandikwa FFP2 au zaidi, na inafanya kazi ikishikana na uso. Hata ukiwa nayo, maji ndiyo ya kwanza na maski ni ya pili. Fundi akikucheka, muulize kama anawajua mafundi wenzake wa zamani, na vifua vyao viko namna gani.

Katika mapatano na fundi, andika pamoja na bei: nani analeta maji ya kunyunyiza, bashi ni za nani, saa za mashine ni zipi. Mashine ya beto inaweza kungoja mpaka watoto watoke masomo. Asubuhi mafundi wafunge vyuma, wapange mbao, wachimbe msingi kwa mkono. Na wiki za egzamen ya Leta, mkumbushe fundi mwezi mmoja mbele, ili apange kazi nyingine za siku hizo, maana naye ana vijana wa kulipa kila jioni.